Bunda Lililofunguliwa

...na mshale umekataa kusogea, au unasogea ila yeye ndiye asiyeuona, maana akiukodolea macho unatulia tuli kwenye kumi na nane, akiupa kisogo anahisi unamcheka, dakika kumi na nane za kukausha zimebaki, mvuke ulishatoka, joto lilishafanya kazi yake, sasa ni kukausha tu, na kukausha hakuna mtu aliyewahi kukuharakisha akabaki na kazi safi, hilo analijua tangu mwaka wake wa kwanza, miaka ishirini na miwili katika chumba hikihiki cha vigae vyeupe na taa isiyozimwa, akiosha mikasi na vibanio na koleo za madaktari, akivipanga kwenye trei, akivifunga kwa vitambaa viwili vya kijani, akivisukuma ndani ya mashine hii ya mvuke ili vitoke havina kijidudu hata kimoja, miaka yote hiyo mashine imechukua muda wake naye akachukua wake, hawajawahi kugombana, leo ndiyo amesimama mbele yake kama anailinda isitoroke, kwa sababu ndani mna bunda moja tu, seti kubwa ya tumbo, na kuta mbili kutoka hapa, kwenye korido ya kuingilia chumba cha upasuaji, binti yake amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu tangu saa mbili kasoro, hajala tangu jana jioni, hajanywa hata funda la maji, anasubiri vyombo, na vyombo vilikuwa tayari, ee Mungu, vilikuwa tayari tangu jana, vimefungwa, vimetakaswa, vimewekwa kabatini kwa adabu zote, mpaka mtu mmoja alipokwenda akavifungua, na mtu huyo anavaa gauni la kijani na viatu vya plastiki, na wenzake wanamwita Mama Shwari.

Mama Shwari, jina zuri kweli, alipewa na wauguzi siku ile bomba la mvuke lilipopasuka, watu wote wakatimua mbio, yeye akatembea tu hadi kwenye valvu, akaifunga, kisha akauliza nani amechukua kikombe chake cha chai, tangu hapo kila mwenye moyo mwepesi hospitalini anatumwa kwake akae kidogo apoe, wanafunzi wa uuguzi waliofeli mitihani, mpishi aliyeachwa na mume, wote wamekalia boksi lile la pamba wakamtazama akikunja vitambaa, wakaondoka wamepoa, na yeye hajui alichowafanyia... na wiki tatu zilizopita daktari alipoiinua ile picha kwenye taa akamwonyesha kivuli upande wa kushoto wa tumbo la binti, kikubwa kama limau, akasema hatuwezi kusema ni kitu gani mpaka tufungue, huenda ni uvimbe wa kawaida tu, huenda sivyo, yeye aliitikia kwa kichwa, akasema, tunamwachia Mungu, daktari, na daktari akaenda kumwambia msimamizi kwamba yule mama ana imani ya ajabu, na imani yenyewe ilikuwa hivi, magoti yalikuwa yamekufa ganzi na angesimama angeanguka, basi akaendelea kukaa, watu wakaona utulivu, maskini ya Mungu, mara ngapi wameona utulivu mahali palipokuwa na magoti mabovu tu... kumi na saba, simu ya ukutani inalia, nani mwingine kama si Sista Kengele, muuguzi wa chumba cha upasuaji, aliyeitwa hivyo kwa kuwa simu yake hailii mara moja tu, yeye akaipokea, bado tu, Mama Shwari, bado, dakika kumi na saba, haya, daktari ameshanawa mara mbili, huko kunawa kutamchubua, kisha Sista akauliza kile kitambaa kilikuwa kimetoboka wapi lakini, maana jana aliliona bunda liko zima kabatini, na yeye akajibu, pembeni, karibu na fundo, kitundu kidogo, akajibu bila kupepesa, kwa sauti ileile ya shwari, na Sista akasema afadhali umekiona, wewe una macho, akakata, na hilo neno likabaki sikioni mwake kama maji baada ya kuoga, una macho, una macho, wakati kitambaa hakikutoboka popote, kitambaa kilikuwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Alikuwa amekuja mapema, saa kumi na mbili na nusu, msimamizi alimwambia apumzike leo, akae na mtoto, akamjibu nitakaa nifanye nini, niitazame dari, na mwenzake wa zamu yuko likizo ya uzazi, basi akaja, akavaa kofia, akanawa, akasoma orodha ya siku iliyobandikwa mlangoni, na jina la kwanza lilikuwa la binti yake, alilijua litakuwepo, ila kulijua na kulisoma kumbe ni vitu viwili, lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu na umri pembeni, ishirini na sita, na neno tumbo, kama la mtu yeyote, akafungua kabati, akaliona bunda lake mwenyewe, utepe wa nje umeshabadilika mistari kuwa myeusi kama inavyotakiwa, tarehe, saini yake, kila kitu mahali pake, na ndipo wazo likaingia, je, kile kikaratasi cha ndani alikiweka... kikaratasi chenyewe ni ukanda mdogo tu, upana wa kidole, unawekwa juu ya vyombo kabla ya kufunga, mvuke ukifika mpaka ndani kabisa unageuka mweusi, maana utepe wa nje unakuambia habari za nje tu, ya ndani inasemwa na kikaratasi, na jana mchana wakati analifunga bunda hili alikuwa anamfikiria mtoto, mikono ilifanya, kichwa hakikuwepo, akasimama pale akijaribu kujiona akikiweka, akajiona akikiweka mara elfu, katika mabunda elfu, lakini si katika hili, na sheria anaijua, anawafundisha wengine, ukiwa na shaka usifungue, weka pembeni utoe seti nyingine, lakini seti nyingine ilikuwa imetumika alfajiri kwa mama mmoja aliyepasuka mfuko wa uzazi, bado iko kwenye maji ya dawa imejaa damu, au basi lipeleke tu lilivyo, kwa kuwa kule ndani Sista ndiye anayefungua, mbele ya meza, saa yake ikifika, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni kikaratasi hichohicho, kikikosekana analirudisha, ndivyo kazi ilivyopangwa, mmoja anafunga, mwingine anafungua, na yule bibi mfupi aliyemfundisha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi na mdomo mchafu kuliko wa dereva wa lori, alikuwa akimpiga kofi la mkono kila alipogusa fundo, kufungua siyo kazi yako wewe, ukishafunga toa mkono, bunda lililofunguliwa siyo bunda tena, ni vyuma tu... yote hayo aliyajua, alisimama nayo kichwani, na vidole vikafungua, hakujua hata saa ngapi vimeamua, utepe ukachanika, kitambaa cha kwanza, cha pili, na kikaratasi kilikuwa pale, juu kabisa, katikati, cheusi ti, alikuwa amekiweka, kila kitu kilikuwa sawa, vyombo vilikuwa safi kuliko kitu chochote duniani mpaka sekunde ile alipotaka kuhakikisha.

Na akayafikiri aliyoyafikiri, hilo hatalificha, angalau mbele ya mashine hatalificha, alikuwa peke yake, glavu safi, chumba kisafi, hakuna aliyemwona, angefunika tena vitambaa, angekata utepe mwingine... lakini utepe mpya ungekuwa mweupe, basi angebandua ule mweusi wa bunda la taulo, zipo njia, miaka ishirini na miwili inakufundisha na njia za wizi pia, alisimama na vile vyuma mbele yake vikimetameta, akawaza, kwa mtoto wa mtu mwingine nisingethubutu, na kwa wangu ndiyo nathubutu, haya ni mapenzi gani, akatapika kidogo kwenye sinki, maji machungu tu, akanawa upya, akavifunga upya na kikaratasi kipya, akasubiri mashine itoe gauni za zamu ya kwanza, ikapotea karibu saa nzima hapo, akaliingiza bunda, akampigia Sista akasema kitambaa kimetoboka... kumi na tano, kweli unasogea, unasogea ukiwa umepotelea kwingine... na huko ukutani wifi yake ameanza tena, dada wa marehemu mumewe, shangazi wa binti, ameketi kwenye benchi la korido tangu asubuhi na wenzake wawili wa kikundi cha maombi, sauti inapenya vigae, tunatangaza, Baba, tunatangaza kwamba leo... na maneno yanapotea, mtu anapita na ndoo, yanarudi, ...mkono utatoka mtupu, daktari atafungua na hatakuta kitu, nimeoneshwa, Bwana, nimeoneshwa usiku wa kuamkia leo... wifi huyo Mungu anampangia ratiba, anampa na saa ya kufika, na ukimwambia punguza sauti hapa ni hospitali anakuambia imani yako ndogo, kidogo anamkera, kidogo anamwonea wivu, maana mwenzake anapolala anakoroma, na hata kule kwenye ugonjwa wa kaka yake wifi alioneshwa vilevile, alioneshwa kaka yake akitembea bustanini na shati jeupe, na kaka yake akafa Jumanne saa tisa alasiri na shati la hospitali la mistari, na baada ya mazishi wifi akaoneshwa kitu kingine na maisha yakaendelea.

Yeye ndiye aliyebaki pale Jumanne, miaka minane sasa, amebaki palepale na viatu vyake vya plastiki, kwa kuwa wakati ule hakuigiza, wakati ule alitulia kweli, alimwamini Mungu kama unavyoegemea ukuta, bila kuugusa kwanza uone kama upo, mume anakohoa damu yeye anasema tutavuka, mume anapungua hadi pete inamtoka kidoleni yeye anaifunga kwenye leso na kusema utaivaa tena, alikuwa na amani, watu wakija kumfariji wanaondoka wamefarijiwa wao, halafu Jumanne ikaja, na siyo kwamba aliacha kusali, hakuacha, kuacha nako kunataka nguvu, bali tangu siku hiyo anamwamini Mungu kama unavyomwamini fundi aliyewahi kukuharibia kitambaa chako kizuri, unampelekea tena, maana fundi mwingine huna, lakini unasimama juu ya kichwa chake, unaomba uone alipochora, unamuuliza una hakika na hapo, unakuja asubuhi, unakuja mchana, unajifanya umepita tu, na miaka minane kasimama hivyo, katika kila sala kasimama hivyo, umekumbuka, umeandika, nionyeshe, dalili kidogo tu, simu ya daktari ikilia kabla ya saa sita basi ni heri, njiwa akitua dirishani basi ni heri, akiamka kabla ya saa kulia basi ni heri, na heri zenyewe haziishi, kila moja inazaa nyingine, usiku mzima anazikagua, asubuhi amechoka kama aliyebeba mawe, anavaa kofia anakuja kuwapoza wengine... kumi na nne... na jana jioni wodini binti alimtazama akinyoosha shuka lililokwisha kunyooka, akamwambia, mama, kaa, unanizungusha kichwa, na yeye akakaa ukingoni, binti huyu fundi bomba, mikono migumu yenye makovu, kazi ambayo mama mtu aliipigia kelele mwaka mzima, msichana gani anatambaa chini ya masinki ya watu, na sasa anamsimulia kila mtu kwa majivuno, akamwambia mama, unajua mimi nikienda kuvunja ukuta wa mtu kutafuta linapovujia huwa sijui nitakuta nini, na mwenye nyumba anasimama nyuma yangu na tochi, anauliza umeliona, umeliona, huwa namwambia mzee nenda kakae sebuleni utanikatisha mkono, akacheka mwenyewe, akashika ubavu kwa maumivu, akacheka tena, na yeye hakucheka, aliyaangalia yale meno akawaza nitayaona tena haya, hilo tu, nitayaona tena, na binti akaacha kucheka akaushika mkono wake, akasema, mama unaogopa, na yeye akasema hapana, tunamwachia Mungu, na binti akauachia mkono taratibu kama mtu aliyefungiwa mlango kwa upole.

Simu tena, haijamaliza mlio wa kwanza ameshaipokea, na waya wake uliojikunja ukivutwa unafika mpaka mlangoni mwa mashine, basi akawa anazungumza huku ameshavuta, amesimama mbele ya mshale, kumi na mbili, na Sista Kengele safari hii hapigi kelele, anazungumza chini chini, na Sista akizungumza chini chini ujue kuna jambo, akasema sikiliza, daktari ana upasuaji mwingine hospitali ya pili saa saba, na hii yetu itachukua saa tatu nzima, labda zaidi kutegemea atakachokuta, ukipiga hesabu hatuna muda, anauliza kama unaweza kutoa sasa hivi, hata kama vina unyevunyevu, tutavifuta kwa taulo safi, la sivyo anaahirisha mpaka wiki ijayo, Jumatano... wiki ijayo, siku saba nyingine na limau hilo tumboni mwa mtoto, limau au kisicho limau, kinakua au hakikui, siku saba za kunyoosha shuka lililonyooka, siku saba za wifi kuoneshwa, na aliposhtuka mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshika usukani wa mlango wa mashine, umeukamata barabara, kile chuma cha moto kinachoma kupitia glavu, vidole vilevile vya asubuhi, haviulizi, vinaamua vyenyewe, robo mzunguko tu na mlango unafunguka, na bunda litakuwepo, la moto, lenye jasho, na kitambaa chenye maji kinafyonza uchafu wa kila kinachokigusa, mkono, meza, hewa, anawaambia wanafunzi, bunda bichi ni bunda chafu, na Sista anaita, Mama Shwari, upo, na yeye akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine, mkono wa mwenye nyumba na tochi yake, akautoa, kidole kimoja baada ya kingine, na akasikia anasema,

"Hapana. Havitoki mpaka vikauke."

Sista akashusha pumzi, akasema najua, nilikuwa nauliza tu kwa kuwa nimetumwa, na hapo ndipo yangeishia, Sista angekata, angekwenda kumwambia daktari, kitundu karibu na fundo kingebaki kitundu mpaka siku ya kustaafu, lakini kinywa kilikuwa kimeshafunguka na maneno mengine yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya lile la kwanza, na alikuwa amechoka, Mungu wangu, alikuwa amechoka kushikilia mlango huo.

"Kitambaa hakikutoboka," akasema. "Nililifungua mwenyewe. Nilitaka kuona kama kikaratasi nilikiweka."

Kule upande wa pili magurudumu yanapita, mtu anakohoa, na yeye akaongeza, nilikuwa nimekiweka, kilikuwa cheusi, nimewachelewesha bure, mwambie daktari, na mimi nitaandika kwenye daftari la makosa kwa mkono wangu, akasubiri apigwe, akawaza sasa atasema na wewe tena, Mama Shwari, miaka yote hiyo, na ndivyo angesema yeye mwenyewe kwa mwanafunzi.

"Mwanao amelala," Sista akasema.

Mmeshampa dawa ya usingizi, akauliza, mmempa kabla ya vyombo, na Sista akasema hapana, hajapewa kitu, amelala tu usingizi wake, hapa mbele yangu, katikati ya vurugu zote hizi na yule wifi yako anayebomoa ukuta. "Aliniuliza nani amefunga vyombo vyake. Nikamwambia nani mwingine, mama yako. Akasema basi. Akageukia ukutani, akalala. Anakoroma, usione hivi." Kisha Sista akasema ngoja nikamuulize daktari kama anaweza kusubiri hizo dakika, usikate, na simu ikawekwa juu ya kitu kigumu, ikagonga, na ukabaki uwazi, korido nzima ikaja kumwingia sikioni, viatu, mlango wa bawaba mbovu, sauti ya mwanamume mbali inasema ...ngapi... si nilisema saa mbili... na sauti ya Sista inajibu kitu, na wifi, wifi yuko kote kote, kwenye ukuta na kwenye simu, anapishana na yeye mwenyewe kwa nusu neno.

Amelala... alijaribu kuutafuta mkoromo huo katika kelele zote, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akafumba macho, hakuupata, akauamini tu kwa kuwa ameambiwa, na kilichokuja kwanza hakikuwa faraja, kilikuwa aibu, ya moto, mpaka shingoni, kwamba mtoto amelalia jina lake, amelilaza shavu juu ya jina la mama ambaye muda uleule alikuwa anatapika kwenye sinki akitafuta utepe wa kuiba, hakusema nioneshe, hakuuliza ulikiweka kikaratasi, una hakika, hakuuliza wala watakuta nini, na hajui, hajui zaidi ya anavyojua mama yake, tumbo ni lake, limau ni lake, kisu kitapita kwake, aliuliza swali moja, nani, akajibiwa, akasema basi... basi, neno dogo, lenyewe tu, na usingizi wake haupunguzi uvimbe hata punje, hilo naye analijua, atakacholala nacho ndicho atakachoamka nacho, Jumanne ile mumewe naye alikuwa amelala vizuri, usingizi haukuzuia kitu, amani yake mwenyewe wakati ule haikuzuia kitu, na labda ndipo alipokosea kuanzia hapo, miaka minane alidhani amani ile ilikuwa ahadi na ahadi ikavunjwa, kumbe haikuwa ahadi ya chochote, ilikuwa ni kulala tu ubavuni mwa mtu unayemjua, na kama mtoto anaweza kulalia jina la mwanamke kama yeye, mwenye vidole hivi... akaliona lilikokuwa linakwenda wazo hilo, lilikuwa linakwenda madhabahuni na makofi, akaliacha njiani, alikuwa amechoka mno kujihubiria.

Waya ulikuwa unamvuta, akaufuata ukamrudisha ukutani, akakaa kwenye boksi la pamba na mkono wa simu sikioni, mara ya kwanza tangu asubuhi anakaa, miguu ikaanza kuwasha damu ikirudi, mgongo ukagusa vigae, baridi yake ikapenya gauni, vizuri hivyo, na kule daktari anasema ...Jumatano naye... na Sista anasema ...daktari, mama wa watu... na haijulikani, labda leo, labda Jumatano, labda limau, labda sivyo, labda nitayaona meno yale, akalisogelea neno la mwisho kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole, labda sitayaona, likamuuma, likamuuma kama linavyopaswa kuuma, na yeye akawa bado amekaa pale juu ya boksi, na akasema bila kufungua mdomo, Mungu, mponye, ukiniuliza nataka nini hilo ndilo nitakalosema hadi kesho na kesho kutwa, mponye, ila nimechoka kukukagua, miaka minane nimesimama nyuma yako na tochi, nimechoka, sijui utakachokuta humo ndani na sijui utakachofanya, nami sina tena nguvu ya kukusimamia, nimekaa... na kwenye ukuta wifi akafikia mwisho wa pumzi, wenzake wakaitikia amina, naye akaitikia, kwa sauti ya chini ya mtu anayejibu hodi, kisha wifi akavuta pumzi nyingine akaanza upya, na kwenye simu bado hakuna aliyerudi, viatu tu, na mlango ule wa bawaba mbovu, na joto la mashine likawa linamfikia begani kutoka nyuma, taratibu, mpaka kope zikawa nzito, akapiga mwayo, mrefu, wa machozi, akafikiri zimebaki dakika kumi hivi, au tisa, na hakugeuka kuhakikisha.